Baskineti ya pauni 210: nyota tatu, na zote tatu ni za bati

Nyota tatu kati ya tano naipa nakala hii ya baskineti, chapeo ya chuma ya vita vya kale, niliyoinunua mtandaoni. Ningekuwa sina nyundo, ningetoa moja.

Mimi ni fundi bodi. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu pale mtaani Gerezani, Dar es Salaam, kunyoosha milango ya daladala na fenda za pikapu, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko Leeds, Uingereza, katika gereji inayopokea magari yaliyogongwa. Mambo ya chapeo za kale yameniingia ukubwani, na aliyenitia ni mwanangu. Tangu ana miaka saba ananiburura kwenda makumbusho ya silaha ya Royal Armouries kila shule zikifungwa. Kuingia ni bure, ndani kuna joto, na mimi mwezi wa Januari sibishani na mahali penye joto.

Safari ya kwanza nilimsindikiza mtoto. Ya pili nilikwenda kutafuta mshono. Kuna baskineti pale, wanaiita ya Lyle, kazi ya Italia ya kaskazini ya mwishoni mwa karne ya 14: kofia ya chuma yenye kilele kilichochongoka, na mbele kifuniko cha uso kilichotokeza kama pua ya mbwa. Nilichuchumaa mbele ya kioo, nikazunguka, nikarudi, nikitafuta mahali fundi alipounganisha vipande viwili vya bakuli la kichwa. Mlinzi akaja kuniuliza kama nimedondosha kitu. Mshono haupo. Bakuli lote ni bati moja, limeanza likiwa bapa, likapashwa moto na kupigwa nyundo, likapashwa na kupigwa tena, mpaka likapanda likawa kilele. Mtu wa kazi yangu akishaona kitu kama hicho halali mpaka akishike, na cha makumbusho hakishikwi. Ndipo nikaingia mtandaoni kutafuta nakala.

Ya kwanza kununua haikuwa baskineti. Mwanangu alitaka ile ya ndoo, chapeo ambayo kila mtoto huichora: pipa la chuma, mfuniko bapa juu, mpasuo wa macho, vitundu vya pumzi. Pauni 95. Bati la milimita 1.2, kwa lugha ya wauzaji geji 18. Aliyewahi kuezeka nyumba anaijua geji: namba ikipanda, bati linashuka, ndiyo maana geji 30 ni nyepesi kuliko 28. Ribiti za ile ndoo, yaani pini za kubana bati na bati, zilikuwa za urembo, vichwa vimegandishwa kwa nje na ndani hakuna kitu; mabati yenyewe yameshikana kwa nukta za kuchomelea. Mpasuo wa macho ulipitisha kidole gumba changu, na kinapopita kidole gumba na ncha ya upanga inapita. Sasa iko chumbani kwake, anawekea penseli. Kwa kazi hiyo sina neno nayo.

Lakini ile ndoo ndiyo iliyonifanya niulize maswali. Mfuniko bapa kichwani ni ufundi mbaya, na nilishangaa watu waliovaa chuma kila siku walifanyaje kosa la wazi namna ile. Maana waliowatangulia walikuwa wamepatia. Katika ile nguo ndefu ya Bayeux, iliyotariziwa habari za vita vya 1066, askari wanavaa kofia zilizochongoka juu, na kipande cha chuma kimeshuka kulinda pua. Upanga ukitua kwenye mteremko unateleza. Shida ilikuwa uso kubaki wazi, na hata hivyo watu hawakutambuana: humo humo William wa Normandi, aliyekuwa akiivamia Uingereza, anaonekana amenyanyua kofia yake ili wapiganaji wake wauone uso, wajue yu hai. Ilipofika kama mwaka 1200 wakaamua kufunika uso mzima, wakapata pipa, na juu ya pipa wakaweka mfuniko. Pigo la kutoka juu likawa linatua lote, halina pa kutelezea. Piga nyundo katikati ya boneti, kisha piga tangi la gesi, utaelewa bila mwalimu. Mwishoni mwa karne ya 13 kilele kikaanza kuchongoka upya.

Ndani ya pipa hilo mtu alivaa kikofia kidogo cha chuma, na hicho kikofia ndicho kilichokua kikawa baskineti. Kwanza wapanda farasi walishambulia na ndoo kichwani, mikuki ikishavunjika wanaivua na kubaki na kikofia, wapate kuona na kupumua. Kisha kikofia kikashuka kufunika masikio na kisogo, kikapewa kifuniko chake cha uso, na ndoo ikakosa kazi vitani, ikabaki ya mashindano na fahari. Kaburi la mwana wa mfalme Edward, yule aliyefariki 1376 ambaye Waingereza humwita Mwanamfalme Mweusi, liko kanisa kuu la Canterbury, na sanamu yake imevaa baskineti huku kichwa kimelazwa juu ya ndoo. Kofia ya kazi iko kichwani, ya fahari imekuwa mto.

Neno chapeo wengi wetu tunalijua kwa Biblia, chapeo ya wokovu na chapeo ya shaba ya Goliathi. Ni neno la Wareno, na kwao ni kofia tu, hata ya jua.

Basi ya pili nikachagua mwenyewe. Duka silitaji, nimeshamalizana nao, na tena ukifungua maduka matano utakuta picha ile ile, maana nakala nyingi za bei hii zinatengenezwa India na kila muuzaji anabandika jina lake. Tangazo lilisema baskineti ya mwishoni mwa karne ya 14, bati la milimita 2, "tayari kwa mapambano", pamoja na bitana na wavu wa pete za chuma wa kulinda shingo. Pauni 210, usafiri pauni 14. Ilifika Jumanne. Mizani ya jikoni iliishia kilo tatu, ikabidi nipande nayo kwenye mizani ya bafuni kisha nitoe uzito wangu: kilo 3.6 bila wavu.

Nianze na sifa. Umbo wamelipatia. Kilele hakiko katikati, kimesogezwa nyuma na kisogo kinashuka karibu wima, kama zilivyokuwa baskineti za miaka ile ya mwisho. Mpasuo wa macho una milimita 9 tu, na kingo zake zimekunjwa kutoka nje kama midomo, ili ncha ya silaha ikiteleza juu ya bati igonge ukingo isiingie jichoni. Wauzaji wengi wa bei hii wanaisahau ile midomo. Bati lenyewe ni milimita 2 kweli pembeni, nilipima. Nyota tatu nilizotoa ziko hapo.

Nikageuza ndani. Mshono huu hapa, kutoka kipaji cha uso mpaka kisogoni, mstari mmoja wa kuchomelea, na kwa nje wamepitisha grainda na msasa mpaka umepotea machoni. Kwenye kidole haujapotea. Nikaupiga picha, nikamtumia mjomba kwa WhatsApp pamoja na shikamoo yangu. Akajibu kwa sauti, nyuma yake nyundo zinalia:

"Marahaba mjomba. Hiyo haikupigwa, hiyo imebanwa. Mashine imebana nusu bakuli, ikabana nusu nyingine, mtu akaja kuchomelea. Huoni bati liko sawasawa kila mahali? Bati la mkono haliwi hivyo."

Na kweli, chapeo za asili haziko sawasawa, na si kwa bahati mbaya. Mafundi waliacha unene mbele na kileleni ambako mapigo hutua, wakapunguza nyuma na pembeni ili shingo isichoke. Wakubwa wa kazi hiyo, wale wa Milan, Italia, na baadaye wa Innsbruck, Austria, walijua pia kukigeuza chuma kikawa kigumu kwa moto na kutosa. Hii yangu ni chuma laini cha kawaida. Kinachokosekana kwenye ugumu wamekifidia kwa unene, ndiyo maana nakala nyingi za "mapambano" zinalemea kichwa. Sikudai waniletee bati moja lililopandishwa kwa mkono kwa pauni 210. Kazi hiyo ni ya siku nyingi na bei yake ni mara kadhaa. Ninachodai ni wasisage mshono. Nilipotoboa tundu la ribiti karibu na ule mstari, juu ya kipaji, nikapima: milimita 1.3. Grainda imekula theluthi ya bati mahali ambapo bati linahitajika kuliko popote. Wangeacha mshono ukaonekana, mnunuzi angekasirika lakini kichwa chake kingekuwa salama.

Kifuniko cha uso nacho. Katika za asili kinashikwa pembeni na pini zinazochomoka, mara nyingi zikiwa na vicheni vidogo zisipotee, ili mtu akivue kabisa akitaka. Mimi nimeletewa bolti na nati. Nati ukiikaza, kifuniko hakipandi, ukiilegeza, kinakuangukia. Na kikishuka hakikai: pale kipajini kinaacha mwanya wa milimita 6. Nikakumbuka ile chapeo ya Coppergate iliyoko Yorkshire Museum, York, nusu saa hivi kwa treni kutoka kwetu. Ilifukuliwa 1982 wakati wa ujenzi wa kituo cha maduka, ni ya karne ya 8, na mashavu yake yamening'inia kwenye bawaba. Nilisimama mbele ya bawaba zile muda mrefu kuliko mke wangu alivyopenda. Miaka 1,200 iliyopita mtu alikaa chini akafikiri shavu la chuma litafunguka vipi, na leo mtu ananiuzia bolti.

Vitundu vya pumzi viko sawa kulia na kushoto. Hili ni dogo, lakini linaonyesha aliyechora hakujiuliza. Wapanda farasi wenye mikuki huelekezeana upande wa kushoto, na kila tundu ni mahali ncha inaweza kushika, kwa hiyo mafundi wengi waliweka vitundu vingi zaidi kulia, na wengine kulia peke yake.

Wavu wa shingo usinikumbushe. Unaning'inia kwenye ukingo wa chini kwa vishikio vya shaba nyeupe na kamba, mfumo mzuri na wa kweli kabisa, ukivuta kamba wavu wote unatoka ukaoshwe. Ila pete zake zimekutanishwa ncha tu. Za zamani zilifungwa kwa ribiti. Mwanangu aliushika akautikisa mara mbili, pete zikamwagika kwenye zulia, na mama yake amezisikia zikilia ndani ya mashine ya kufyonzea vumbi wiki nzima. Kwa hiyo shingo haina ulinzi wowote. Na shingo ndiyo iliyoua muundo wenyewe: wavu huzuia kukatwa, hauzuii mshindo, ndiyo sababu kuanzia miaka ya 1400 wavu ulibadilishwa ukawa bati zima kooni, na chapeo ikaanza safari nyingine.

Kuhusu saizi, sikilizeni vizuri, maana hapa nimeliwa kwa uzembe wangu. Jedwali la duka lilisema pima mzunguko wa kichwa. Nina sentimita 59, nikaagiza ya 61, nikajiona mjanja. Bitana waliyoleta ilikuwa sponji jeusi lililobandikwa kwa gundi, lina harufu ya viatu vipya vya bei rahisi. Nikaling'oa, mke wangu akashona bitana ya kitani iliyojazwa pamba, mistari mistari kama godoro, tukaishikiza kwenye ukanda wa ngozi uliopigiwa ribiti ukingoni, kama walivyofanya wenyewe. Bitana nene sentimita moja na nusu inakula zaidi ya sentimita tisa za mzunguko. Kichwa hakikuingia. Daudi alivalishwa chapeo ya Sauli akaivua kwa sababu hakuwa ameijaribu. Mimi nililipa kwanza. Ikabidi tupunguze pamba mpaka nusu, na sasa inanibana masikio. Pimeni kichwa mkiwa mmevaa kofia nene ya pamba, kisha agizeni.

Jumla nimeweka jioni saba gerejini baada ya kazi. Bolti nimezitoa, nimegonga pini na kuzipa vicheni. Tundu la mhimili nimelisogeza nyuma milimita 5, nimepasha ukingo wa kifuniko na kuupiga kidogo kidogo mpaka mwanya umefungika. Pale paliposagwa nimeweka kiraka kwa ndani, kimeshikwa na ribiti nane. Hakipendezi, lakini ni changu.

Kisha nikaivaa. Kwa wanaosema watu wa kale walikuwa vipofu ndani ya vitu hivi: mbele unaona vizuri kuliko nilivyodhani, ni miguu yako mwenyewe ndiyo huioni. Kinachosumbua ni pumzi. Ile pua ya mbwa inasaidia, inaacha nafasi ya hewa mbele ya mdomo, lakini dakika kumi na mbili zilinitosha. Nikanyanyua kifuniko na mvuke ukatoka kama nimefunua sufuria ya wali. Nikaelewa kwa nini walitaka kifuniko kinachopanda haraka kwa kidole kimoja.

Gerejini tuna mzee mmoja anayetumia wikendi zake kwenye maigizo ya vita vya zamani. Nikampa aijaribu uwanjani kwao, akapigwa na upanga butu wa mwenzake. Pigo la kileleni liliteleza likaishia begani, sawasawa na umbo lilivyokusudiwa, na ndani hakusikia zaidi ya kengele. Kifuniko hakikufunguka. Nilifurahi kama mtu aliyeuza gari. Lakini yeye akacheka: kikundi chao huigiza vita vya Towton, 1461, huko njiani kati ya Leeds na York, na kwa mwaka huo baskineti yangu ni kofia ya babu. Wakati huo wengi walivaa seleti, ambayo haina kilele, imelala chini na mkia umetokeza nyuma kulinda shingo, na ukitaka hewa unaisukuma tu kisogoni. Mwaka 1996 huko Towton lilifukuliwa kaburi la pamoja la wanaume zaidi ya thelathini wa vita hivyo, na mafuvu yao yamejaa majeraha. Inadhaniwa wengi walikuwa wamevua chapeo au zimewadondoka. Aliniambia hayo akiwa ameishika baskineti yangu mkononi, naye hakuwa anacheka tena.

Kwa anayetaka kununua: kama ni ya kuweka sebuleni, chukua, umbo ni sahihi na wageni watauliza. Kama ni ya kupigwa, usiivae kama ilivyotoka kwenye boksi hata kama tangazo limeandika nini. Na ukiona duka linakuuzia kofia ya Waviking yenye pembe, funga ukurasa. Ile iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943 haina pembe, ina kinga ya macho kama miwani. Pembe zilienezwa na mavazi ya opera ya 1876. Mwanangu hukataa hili, kwa sababu chapeo anayoipenda kuliko zote ni ile ya Royal Armouries aliyopewa mfalme Henry VIII wa Uingereza na mfalme mkuu Maximilian, kazi ya Konrad Seusenhofer wa Innsbruck: ina pembe za kondoo, miwani, na tone la kamasi puani. Nimemwambia hiyo ilikuwa ya mizaha. "Lakini ina pembe, Baba." Haya.

Duka lilinirudishia pauni 40 kwa ajili ya wavu, baada ya barua pepe nne. Nimezitumia kununua bati la milimita 2, chuma chenye kaboni ya kutosha, na kibonge cha kuvutia trela cha kutumia kama fuawe, kwa sababu yule mzee ananitaka nimtengenezee seleti, bati moja, bila mshono. Mjomba kasema nianzie pembeni, nisiguse katikati, na nisiwe na haraka. Nimelipiga jioni tatu. Mpaka sasa linafanana na sufuria.